Je, Wajua? Uzito wa Muziki Kwenye Kalamu ya Mchora Katuni

Je, wajua kwamba kata ya Ruhembe, kule kusini mwa wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ambako miwa imepandwa karibu kufika milangoni mwa watu, imo katika jimbo lililowahi kuwakilishwa bungeni na mtu aliyejipatia jina kwa kuwakejeli wanasiasa? Joseph Haule, ambaye mashabiki wanamjua kama Profesa Jay, alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2001, albamu yake Machozi, Jasho na Damu ilibeba wimbo Ndio Mzee. Humo mgombea anapanda jukwaani, anamwaga ahadi ambazo hata treni ya mizigo isingezibeba, na umati unaitikia kila moja bila kuuliza itatimizwaje.

Chukua penseli, uweke wimbo huo. Mgombea ana kitambi kinachofika kwenye maikrofoni kabla yake. Jasho linamtiririka shingoni, mkono mmoja uko hewani, mwingine hauonekani uko wapi. Kila ubeti unajikata wenyewe kuwa fremu. Kiitikio ni kiputo kimoja kikubwa chenye mikia mingi, kila mkia ukielekea kwenye kinywa chake. Hakuna gitaa linalokwaruza humo wala ngoma ya kutisha. Uzito wote uko kwenye maneno, na mchoraji anayeyafuata atajikuta akihangaika na nyuso: midomo, macho, mashavu yaliyotuna. Kumwaga wino mweusi ukurasa mzima kungeharibu kazi.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Mazungumzo ya muziki mzito na uchoraji wa katuni kwa kawaida huanzia Ulaya na Marekani, kwenye magitaa ya umeme na mafuvu ya vichwa, na huko tutafika. Ila muziki huwa mzito kwa njia nyingi. Upo uzito wa maneno, upo wa besi, upo wa kasi, upo wa msiba. Mkono wa mchoraji hauupokei kila mmoja kwa namna ileile, na ndiyo maana mchoraji aliyekulia kwenye bongofleva na aliyekulia kwenye hevi metali wanaweza kuchora ugomvi uleule wa baa na usidhani ni baa moja.

Je, wajua kwamba nyimbo za dansi zilikuwa na ukurasa wa katuni ndani yake? Mkoa huohuo wa Morogoro ulikuwa na bendi mbili zilizotetemesha nchi. Moja ni Morogoro Jazz, iliyoanza 1944, na nyingine ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanza 1948. Salum alifariki kwa ajali ya gari 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeipaisha Morogoro Jazz hadi ikaenda kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na ambaye baadaye aliongoza Super Volcano, naye alifariki kwa ajali ya gari, huko Kenya, Januari 1979.

Wapenzi wa dansi wanajua jinsi nyimbo nyingi za bendi zilivyopangwa. Kwanza hadithi inasimuliwa taratibu: mtu kaachwa, mtu kafukuzwa kazi, mtu kaona shida. Kisha linakuja chemko. Magitaa yanaongeza kasi, waimbaji wanajibizana, na wacheza dansi waliokuwa wamekaa wanainuka. Sasa fungua katuni yoyote ya magazeti ya mitaani. Fremu tatu au nne za mwanzo watu wanazungumza wamesimama wima. Za mwisho ni vurugu: viatu hewani, sufuria linaruka, mume anapita dirishani. Hilo ni chemko la wino. Sidai kwamba wachoraji walikaa wakaiga mpangilio wa bendi kwa hesabu. Lakini mtu aliyelelewa na redio inayopiga dansi kutwa nzima anajua kwa mwili wake, bila kufundishwa, kwamba hadithi hutambaa kwanza ndipo ichemke.

Wahusika nao walikuwa walewale. Jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, liliwapa wasomaji Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Dokta Love Pimbi, Kipepe na Madenge. Mwongo, mzururaji, mpenda wanawake, mtoto mtundu: hakuna hata mmoja kati yao ambaye hajawahi kuimbwa. Kabla yao gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Na mmoja wa vijana waliotoa sura kwa katuni za Sani, Philip Ndunguru, alifariki 1986 akiwa bado na umri wa miaka ishirini na kitu.

Je, wajua kwamba mstari una hasira au huzuni kabla haujawa picha ya kitu chochote? Mwaka 1921 mtafiti Helge Lundholm alichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Aliwataka watu wachore mistari mitupu, si sura wala mti, inayolingana na hisia alizowatajia. Ghadhabu ilitoka na kona kali zilizobanana. Huzuni na uvivu vilitoka kama mawimbi marefu yaliyolala. Wengine waliorudia jambo hilo miaka iliyofuata walipata picha inayofanana.

Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler naye, mwaka 1929, aliweka maumbo mawili mbele ya watu: moja la miba, jingine la mviringo kama wingu. Akauliza, lipi ni takete na lipi ni baluba? Wengi walilipa umbo la miba jina lenye sauti za kugonga. Mwaka 2013 watafiti walilipeleka swali la namna hiyo kwa Wahimba wa kaskazini mwa Namibia, wafugaji wasio na mazoea ya maandishi, nao wakachagua vilevile. Walipoonjeshwa maji yenye gesi, hata hivyo, hawakuyaoanisha na umbo la miba kama wanavyofanya Wazungu. Kwa hiyo sauti kali inadai kona kali karibu kila mahali, lakini ulimi una mila zake.

Kwa mchora katuni hili si somo la darasani. Karatasi haina spika, kila sauti lazima ichorwe. Twende tena Ruhembe, msimu wa kuvuna. Kabla wakataji hawajaingia, shamba la miwa huchomwa ili majani makavu yaondoke na shina libaki. Moto unapanda juu kuliko nyumba, unapasua majani kwa mlio wa haraka haraka, na masizi mepesi meusi yanaelea hadi kwenye nguo zilizoanikwa uani. Mchoraji akitaka mlio ule atauandika kwa herufi ndogo zenye ncha, hazilingani kimo, nyingine zimevunja mstari wa fremu na kutoka nje. Kesho yake lori limejazwa miwa, linapanda kwenda kiwandani, kile cha pili cha Kampuni ya Sukari Kilombero ambacho watu wanakiita K2. Injini inaguna. Herufi za mguno huo ni nene, pana, zimekaa chini ya fremu, na kona zake ni butu. Hakuna aliyemwelekeza mchoraji. Angebadilisha, akaupa moto herufi nene na lori herufi za miba, msomaji angehisi kuna kitu kimekaa vibaya hata kama asingeweza kukitaja.

Na sasa tufike kwenye hevi metali. Gitaa lake limetiwa makwaruzo kwa makusudi, na ngoma yake imebanana mno. Mkono unaosikiliza hayo kwa saa sita unaelekea kwenye miba.

Je, wajua kwamba sura maarufu kuliko zote za hevi metali haikuchorwa kwa ajili ya hevi metali? Eddie, yule mfu aliyekauka anayekaa kwenye majalada ya bendi ya Uingereza ya Iron Maiden tangu albamu yao ya kwanza ya 1980, alikuwa tayari amekwisha kuchorwa na Derek Riggs, akimfikiria zaidi shabiki wa muziki wa panki. Bendi ilipomwona ilimtaka, ila ikaomba jambo moja: aongezewe nywele. Nywele tu. Jitu la muziki mmoja likahamia muziki mwingine kwa kazi ya saluni. Wale wanaodai kwamba muziki fulani huzaa mchoro fulani na si mwingine wangepaswa kumtazama Eddie mara mbili.

Hilo halikuwazuia watu kuoa vitu hivyo viwili. Mwishoni mwa 1974 wachoraji wa Ufaransa, wakiwemo Jean Giraud, anayejulikana zaidi kama Moebius, na Philippe Druillet, walianzisha pamoja na wenzao kampuni iliyotoa jarida la Métal Hurlant, na mwaka 1977 likapata mwenzake Marekani lililoitwa Heavy Metal. Mwingereza Simon Bisley, aliyeipaka rangi hadithi ya Sláine: The Horned God mwishoni mwa miaka ya 1980, misuli na mapanga yakijaa ukurasa hadi pembeni, alikuja pia kuchora jalada la mwanamuziki wa hevi metali Glenn Danzig.

Na bendi ya KISS ilipotolewa kitabu cha katuni na kampuni ya Marvel mwaka 1977, wanamuziki wanne walitolewa damu, wakaenda nayo hadi kiwanda cha uchapaji huko jimbo la New York, wakaimimina kwenye wino mwekundu mbele ya wapiga picha. Biashara ni biashara.

Je, wajua kwamba muziki wa kelele haukumtia mtu hasira zaidi alipopimwa? Wazazi wengi wangeapa kinyume chake. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa muziki mkali, wenye umri wa miaka 18 hadi 34. Kwa dakika 16 waliwachokonoa kwa mazungumzo kuhusu mambo yanayowakera: kazi, pesa, mahusiano. Kisha nusu wakapewa dakika 10 za kusikiliza nyimbo zao wenyewe, nusu wakakaa kimya. Chuki na msongo vilipungua kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa kwamba mapigo ya moyo ya waliosikiliza muziki hayakushuka, yalibaki juu, na wenyewe walisema wanajisikia kuchangamka na kupata hamasa.

Kwa mchoraji matokeo hayo yana thamani kubwa kuliko yanavyoonekana. Ana nguvu ya hasira mwilini bila sumu yake. Mtu mwenye hasira kweli hachori vizuri, huchana karatasi.

Je, wajua kuhusu mtu aliyechora msiba wake na haukuondoka? Hapa nataka kukaa kidogo.

James O'Barr wa Detroit alikuwa kijana mdogo mchumba wake alipouawa na dereva mlevi. Alijiunga na kikosi cha Marines cha Marekani, akapelekwa Ujerumani, na huko mwaka 1981 akaanza kuchora hadithi ya kijana anayerudi kutoka kaburini kulipiza kisasi kwa wauaji wa mpenzi wake. Ilichapishwa 1989 kwa jina la The Crow. Muziki uliokuwa masikioni mwake ni wa Joy Division, bendi ya Manchester ambayo mwimbaji wake Ian Curtis alijiua 1980 akiwa na miaka 23, na wa The Cure. Alama ziko wazi. Polisi wawili katika hadithi wanaitwa Hook na Albrecht, majina ya wanamuziki wa Joy Division.

Lakini majina si kitu. Tazama wino. Kurasa za vurugu ni nyeusi tupu na nyeupe tupu, risasi na mvua vimekatwa kama kwa wembe. Kisha zinakuja kurasa za kumbukumbu, kijana na mchumba wake jikoni, kitandani, na mkono uleule unabadilika: kijivu laini, kingo zinazoyeyuka. Joy Division wenyewe ndivyo walivyokuwa, besi imechukua wimbo, gitaa limekaa mbali, katikati kuna nafasi kubwa isiyo na kitu. O'Barr hakuchora kelele. Alichora ile nafasi. Na alipoulizwa miaka ya baadaye kama kuchora kulimponya, alijibu kwamba hapana, na kwamba kukaa na hasira ile ukurasa baada ya ukurasa kulimzidishia. Watu hupenda kuamini kwamba sanaa ni dawa, na mara nyingine ni dawa kweli. Si kila mara.

Druillet, yule wa Métal Hurlant, alifiwa na mkewe Nicole kwa saratani mwaka 1975. Mwaka uliofuata alitoa La Nuit, kitabu ambacho wahusika wote wanafia humo.

Sisi tuna mila nyingine ya kubeba msiba. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, Kongo, 1947, na kuhamia Dar es Salaam 1978, aliimba kuhusu kifo huku watu wakicheza, na wimbo wake wa kuhimiza kondomu, Mambo kwa Soksi, ulikataliwa na redio ya taifa lakini ukasikika kila baa. Huzuni yake ilikuwa na mabega yanayotikisika. Mchoraji anayemsikiliza Remmy usiku kucha hafiki kwenye kurasa za O'Barr. Atachora mazishi yenye watu wengi, mmoja anagombania wali.

Je, wajua kwamba sauti nzito kuliko zote Mikumi huisikii? Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964 na kupitwa katikati na barabara kuu ya kwenda Iringa, ina tembo, na tembo huzungumza kwa mngurumo ulio chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu linaishia. Aliyeligundua jambo hilo, Mmarekani Katy Payne, alikuwa amesimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama huko Portland mwaka 1984 alipohisi hewa inapigapiga bila sauti. Alikumbuka hali hiyo: aliwahi kuihisi akiwa kwenye kwaya ya kanisani, karibu na bomba kubwa la kinanda, pale noti zilipoteremka hadi zikapotea.

Binadamu naye anaguswa na asichokisikia. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwafungia spika maalumu za masafa ya chini kabisa wasikilizaji waliokuja kwenye tamasha la muziki wa elektroniki. Wakawa wanaziwasha na kuzizima kila dakika mbili na nusu. Spika zilipowaka, watu walicheza kwa nguvu zaidi kwa asilimia 11.8, na hawakuweza kutambua lini zimewashwa. Mkono ni sehemu ya mwili. Aliyekaa mezani na besi kubwa chini ya sakafu hatachora mstari aliouchora jana akiwa kimya, hata akijitahidi.

Ushahidi wa karibu nasi unatembea barabarani Nairobi. Matatu za kule ni spika zenye magurudumu, na ubavuni zimepakwa nyuso za wanamuziki, moshi, minyororo, herufi zinazotaka kuruka kutoka kwenye bati. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 ziliamuru mstari wa njano na kupunguza mbwembwe. Michoro ikarudi kwa kishindo Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu miaka kumi hivi baadaye. Mafundi wa rangi wale wanachora kitu kitakachotazamwa kikitetemeka, na kwa macho yangu hiyo ndiyo shule ya kweli ya mchoro wa besi katika Afrika Mashariki: kingo nene, rangi zinazogombana, hakuna sehemu iliyoachwa ipumzike.

Je, wajua kwamba muziki wenye kasi ya kutisha hautoki Ulaya peke yake? Singeli ya Dar es Salaam hupiga mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyekaa hupiga 60 hadi 100. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya nyimbo za studio ya Sisso, Mburahati, ikaziita Sounds of Sisso, na vumbi la uswahilini likafika Ulaya. Ukichora huku singeli inalia huwezi kumaliza kivuli cha mistari iliyokatana, subira haipo. Unabaki na mikono mitatu kwenye bega moja kwa sababu umeurekebisha mstari bila kufuta wa kwanza. Wachoraji wengi wangeitupa rasimu kama hiyo. Mimi ningeichapisha.

Lebo hiyohiyo, mwaka 2020, ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya hevi metali na kelele za mashine. Jina lao, kwa Kikuyu, ni giza, si mnyama wa mbugani. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, aliyefariki 2023, na albamu aliyoitoa peke yake mwaka uliofuata, The Adept, aliitoa kwa heshima ya bibi huyo. Wanaodhani mayowe yale yameazimwa kwa Wazungu wamesahau kwamba msitu wa Nyandarua, ngome ya Mau Mau, ulikuwa na mayowe yake.

Je, wajua kwamba kuna wachora katuni ambao redio ndiyo ofisi yao? Masoud Kipanya, baba wa yule panya anayewasema wakubwa gazetini, kwa miaka mingi amekuwa pia sauti ya asubuhi kwenye Clouds FM. Kenya walienda mbali zaidi, wakaifanya redio yenyewe iwe katuni. Shujaaz, iliyoanza Februari 2010 ikisambazwa bure ndani ya Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, ina mhusika anayeitwa Boyie ambaye ana kituo cha redio cha siri chumbani mwake. Kipindi chake kilirushwa na vituo halisi vya redio. Msomaji alimsikia asubuhi mtu aliyemwona amechorwa. Shujaaz ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, ikaipata tena 2014.

Kongo kuna aliyeviunganisha kwenye mikono miwili. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani 1959, ni mmoja wa wachora katuni wakubwa wa Afrika, na vilevile ni mpiga gitaa na mwimbaji. Kitabu chake cha 2014, Madame Livingstone, alichokichora kwa hadithi ya Christophe Cassiau-Haurie, kinatupeleka Ziwa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji wakiiwinda meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kama Liemba. Anayewaongoza ni Mwafrika aliyevaa sketi ya Kiskoti. Ni hadithi ya vita, na mwingine angeijaza milipuko. Baruti ameipa nafasi ya kuchekesha, na mtu aliyepiga muziki jukwaani anajua kwamba ukianza na sauti ya juu huna tena pa kupandia.

Je, wajua ni saa ngapi ya kazi muziki unapaswa kuzimwa? Mwaka 1993 dunia iliambiwa kwamba Mozart huongeza akili, kwa sababu ya jaribio la wanafunzi 36 wa Kalifornia. Mwaka 2001 William Thompson, Glenn Schellenberg na Gabriela Husain walionyesha siri yake: Mozart yule wa furaha alikuwa amewachangamsha tu. Adagio ya Albinoni, ya kuhuzunisha, haikuleta faida hiyo. Mwaka 2017 Simone Ritter na Sam Ferguson waliwapima watu 155 na kukuta kwamba muziki wa furaha uliwasaidia kutoa mawazo mengi na tofauti, lakini haukuwasaidia kulipata jibu moja sahihi. Kwa hiyo wakati wa kutafuta kisa, wakati wa kuchafua karatasi kumi kabla ya kuchagua moja, fungulia muziki.

Wakati wa kujaza viputo ni habari nyingine. Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha mwaka 1989 kwamba nyimbo zenye maneno huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi zaidi kuliko muziki mtupu, na hiyo ndiyo kumbukumbu inayoshika sentensi unapoitoa kichwani kuipeleka kwenye karatasi. Kutoelewa lugha hakukuokoi: jaribio la Colle na Welsh la 1976 liliwavuruga Wamarekani kwa Kijerumani. Hapo mchoraji wa kwetu, aliyelelewa na nyimbo ambazo uzito wake ni maneno, ndiye mwenye tatizo kubwa. Hata akikimbilia Kilingala asichokijua, hajapona. Afadhali atafute rumba ndefu na aruke moja kwa moja hadi kwenye sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanabaki yenyewe, kisha aandike haraka kabla atalaku, yule mpiga kelele za kuchochea wacheza dansi, hajachukua maikrofoni.